Homa imeshuka, lakini vimelea bado vipo

Wasomaji kadhaa wameniandikia wakiuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja amesikia kwamba malaria ya Kagera "haisikii dawa". Mwingine ametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba dawa mseto imeshindwa, eti watoto wapigwe sindano tu. Mama mmoja ameuliza swali fupi kuliko yote: mwanangu alimaliza dozi, wiki mbili baadaye kipimo cha kidole kimeonyesha malaria tena, je, niliuziwa dawa feki?

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma haya mkiwa na mtoto mwenye homa pembeni. Dawa mseto, yaani ALu na ndugu zake, bado inaponya malaria Tanzania. Mpe mtoto dawa aliyoandikiwa, yote, kwa saa zake. Ila habari ya Kagera ni ya kweli, na inastahili kueleweka vizuri zaidi kuliko inavyosimuliwa mitaani.

Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vya malaria vyenye badiliko la vinasaba liitwalo R561H. Mwaka uliofuata, utafiti ulioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ulichukua sampuli katika mikoa 13 ya Tanzania. Badiliko hilo hilo lilikutwa Kagera, na katika wilaya ya Karagwe lilikuwa kwenye zaidi ya sampuli moja katika kila tano. Mwaka 2022 wagonjwa wa Karagwe walitibiwa na kufuatiliwa kwa karibu. Baadhi yao siku ya tatu walikuwa bado na vimelea kwenye damu, jambo ambalo si la kawaida kwa dawa hii. Lakini walio wengi kabisa walipona. Shirika la Afya Duniani linazitaja Tanzania, Rwanda, Uganda na Eritrea kuwa nchi za Afrika ambako hali hii imethibitishwa, nalo linaiita usugu wa sehemu. Neno "sehemu" hapo lina uzito wake. Kimelea hakiishindi dawa, kinachelewa kufa.

Kwa nini kuchelewa tu kuwe tatizo? Ili kujibu, inabidi tuingie ndani ya seli nyekundu ya damu na kuangalia kimelea kinavyozaliana, maana ugonjwa wote wa malaria unatokana na kuzaliana huko.

Seli ya mwili wako ikigawanyika hutoa seli mbili. Inanakili vinasaba vyake mara moja, inakagua kama nakala ni sahihi, inagawanya kiini, kisha inajikata katikati. Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachotusumbua zaidi hapa kwetu, hakifuati utaratibu huo. Kikishaingia kwenye seli nyekundu, kwa zaidi ya nusu ya siku zake mbili kinakula na kukua tu. Chakula chake ni himoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa. Baada ya hapo kinaanza kunakili vinasaba, tena na tena, kikitengeneza kiini cha pili, cha tatu, cha tano, bila kujikata. Wale mnaopika chapati mtaelewa haraka: badala ya kukata donge vipande viwili, kisha kila kipande viwili tena, kimelea kinakanda donge moja kubwa, kinalijaza viini, halafu kinakata vidonge vyote kwa mpigo mmoja. Vinatoka vimelea vichanga 16 hadi 24 hivi, wakati mwingine zaidi. Seli nyekundu inapasuka, vichanga vinamwagika kwenye damu, na ndani ya dakika chache vimeshaingia seli nyingine.

Kupasuka huko ndiko kunakoleta kutetemeka na homa. Ndiyo maana wazee wetu walijua kuna homa inayopumzika leo na kurudi keshokutwa. Kwa aina yetu ya malaria ratiba hiyo mara nyingi huvurugika, hasa kwa watoto, kwa sababu makundi ya vimelea hupasuka kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo mzazi asingoje kuona homa ya siku mbili mbili ndipo aamini ni malaria.

Sasa, nani anakiambia kimelea wakati wa kula umekwisha, anza kunakili? Hapa ndipo penye protini ambazo wanasayansi wanazifukuzia. Kundi kubwa kati yao huitwa kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika chembe ya fosfeti kwenye protini nyingine, na kibandiko hicho kinakuwa amri: amka, lala, anza, simama. Sisi binadamu tunazo pia. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kueleza protini zinazoendesha mgawanyiko wa seli, wakianzia kwenye hamira na viumbe wa baharini, na ikaonekana mitambo ile ile ipo hata kwetu. Kimelea cha malaria nacho kina mitambo ya ukoo huo, ila kimeibadilisha kwa matumizi yake.

Mwaka 2017 ilichapishwa kazi juu ya kinasi moja iitwayo CRK4. Watafiti walipoiondoa kwenye vimelea vilivyokuzwa maabara, vimelea vilikula, vikakua, vikafika mahali pa kunakili vinasaba, vikakwama hapo hapo. Donge likabaki donge. Ziko nyingine ziitwazo Aurora zinazosaidia kutenganisha viini. Iko PKG, ambayo bila amri yake seli nyekundu haipasuki na vichanga vinabaki wamefungiwa ndani. Iko pia CDPK4, ambayo kazi yake hasa iko tumboni mwa mbu: mbu akishanyonya damu, kimelea dume huamshwa na ubaridi na kemikali ya mbu mwenyewe, na ndani ya takriban dakika 10 hunakili vinasaba mara tatu na kutoa mbegu nane. Dakika 10! Sijui kiumbe wengi wenye haraka ya namna hiyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kinasi za ukoo wa CDPK zipo kwenye mimea, lakini mwili wa binadamu hauna. Dawa itakayozizima haitakuwa na kitu cha namna hiyo cha kudhuru kwetu. Linganisha na dawa nyingi za saratani. Zinazuia mgawanyiko wa seli, lakini hazichagui vizuri, hivyo nywele zinanyonyoka na damu inapungua kwa sababu seli za nywele na za uboho nazo zinagawanyika kwa kasi. Hatuwezi kumpa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria mateso ya aina hiyo. Dawa ya malaria lazima ijue kutofautisha.

Kwa kweli mojawapo ya dawa zetu za zamani inafanya kazi eneo hili hili. SP, ambayo watu wa rika langu tuliijua kwa jina la Fansidar, inakinyima kimelea folati, malighafi ya kutengeneza vinasaba. Hakuna folati, hakuna nakala, hakuna mgawanyiko. Tanzania iliifanya dawa ya kwanza mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa (na waliowahi kumeza klorokwini wanakumbuka muwasho wake mpaka leo). Haikudumu. Kimelea kilibadilisha protini mbili tu ambazo SP inazishika, na kufikia mwaka 2006 nchi ilikuwa imeamua kuhamia ALu. Mama mjamzito bado anapewa SP kliniki kama kinga, na kwa kazi hiyo bado ina faida kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Usiikatae kwa sababu umesoma hapa kwamba ilishindwa kutibu.

Nimesimulia SP kwa sababu inaonyesha bei ya mgawanyiko wa haraka. Kila kimelea kinaponakili vinasaba vyake kuna uwezekano mdogo wa kukosea herufi moja. Mtoto mwenye homa kali anaweza kuwa na vimelea bilioni 100 mwilini. Zidisha makosa madogo kwa idadi hiyo, na mahali fulani kimelea kimoja kitakuwa kimekosea kwa namna inayokifaa.

Badiliko la Karagwe limetokea hivyo. Liko kwenye protini iitwayo Kelch13, ambayo kimelea hukitumia kikiwa kichanga, katika umbo la pete, kumeza himoglobini. Artemisinini, ile dawa kali iliyomo ndani ya mseto, iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haiwaki yenyewe. Inawashwa na madini ya chuma yanayotoka pale kimelea kinapomeng'enya himoglobini. Kwa maneno mengine, kimelea kinajitengenezea kiberiti cha kukichoma. Kimelea chenye badiliko kinakula kidogo. Kinapunguza mwendo, kinabaki pete kwa muda mrefu, kinaahirisha kukua na kugawanyika. Artemisinini hukaa kwenye damu saa chache tu. Ikishapita, kimelea kinaamka na kuendelea na ratiba yake.

Hapa ndipo hesabu inapomhusu mzazi moja kwa moja. Artemisinini inapofanya kazi vizuri, hupunguza vimelea karibu mara 10,000 katika kila mzunguko wa saa 48. Ukianza na bilioni 100, baada ya siku mbili wamebaki kama milioni 10. Mtoto hana homa. Anacheza, anaomba chipsi. Kwa macho ya mama amepona, na nusu ya vidonge vinarudishwa kabatini "kwa ajili ya siku nyingine". Lakini milioni 10 hao wakiachwa, na kila baada ya siku mbili wakaongezeka mara 10, siku ya nane wamerudi bilioni 100. Hapo nimechukulia vimelea vya kawaida, visivyo na usugu wowote. Dozi ya siku tatu imewekwa ili artemisinini iguse mizunguko miwili ya mgawanyiko, si mmoja, na wachache wanaosalia wamaliziwe na dawa mwenza, lumefantrini, ambayo hukaa mwilini kwa siku nyingi.

Kwa sasa, usalama wa mgonjwa wa Karagwe uko mikononi mwa lumefantrini. Kimelea kilichojificha kwenye umbo la pete kinapoamka kinaikuta bado inalinda mlango. Na lumefantrini ina udhaifu mmoja ambao wazazi wengi hawajaambiwa: ikimezwa tumbo likiwa tupu, nyingi inapita na kutoka. Inahitaji mafuta ili iingie kwenye damu. Si lazima nyama ya kukaanga. Maziwa kikombe yanatosha, au uji wenye karanga, na mtoto anayenyonya anatosheka na ziwa la mama. Mtoto mwenye homa hataki kula, najua. Jaribu maziwa kabla ya kukata tamaa.

Dozi inayorukwa mara nyingi ni ya pili. Inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza. Ukitoka zahanati saa 10 jioni ukiwa umempa mtoto dozi ya kwanza, ya pili inaangukia saa 6 usiku, na hakuna mzazi anayefurahia kumwamsha mtoto mgonjwa aliyepata usingizi. Mwamshe. Artemisinini ya kwanza imeshaisha kwenye damu, na vimelea vinaendelea na kazi yao ya kukua. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi sita. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia dozi hiyo, kisha rudi kituoni upewe ya kufidia. Na idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo kumpa mdogo dozi ya kaka yake au kumgawia mkubwa pakiti ya mdogo ni kosa kwa pande zote mbili.

Sasa nimjibu yule mama wa swali fupi. Kipimo cha kidole tunachokitumia zahanati hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea hutoa kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa. Kwa hiyo mtoto aliyepona kabisa anaweza kuonyesha mistari miwili wiki mbili baadaye. Ukimpima tena kwa sababu ya mafua, utaambiwa ana malaria na atameza dawa asiyohitaji, huku ugonjwa halisi, pengine nimonia, ukiendelea. Kama homa imerudi ndani ya siku 28 tangu dozi, omba apimwe kwa hadubini, ambayo inaonyesha kimelea chenyewe, na mwambie mhudumu tarehe aliyomaliza dawa na jina la dawa. Vimelea vikionekana kweli, anastahili mseto wa aina nyingine, si ule ule. Sehemu ambazo hakuna hadubini ndiko tatizo hili linakoumiza zaidi, na sioni tukilimaliza kwa kuwalaumu wahudumu wanaopewa kipimo cha aina moja.

Ninachokiogopa kuliko badiliko lenyewe ni tabia ya sindano. Artesunate ya sindano ni dawa nzuri mno kwa malaria kali: mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au anayepumua kwa shida. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi. Lakini sindano hiyo ni artemisinini peke yake, bila mwenza. Ndiyo maana mgonjwa akianza kunywa lazima amalizie dozi nzima ya mseto ya siku tatu. Wapo wanaochomwa sindano mbili tatu kwenye duka la dawa kwa malaria ya kawaida, wanapata nafuu ya haraka, wanaondoka. Hesabu ya milioni 10 uliyoiona hapo juu inawahusu wao moja kwa moja, na wale milioni 10 hakuna lumefantrini inayowangoja. Ukitaka kufuga usugu kwa makusudi, ungefanya hivyo hivyo. Ule ujumbe wa kwenye simu unaosema watoto wapewe sindano tu unashauri jambo baya kuliko lile unalolitahadharisha.

Serikali nazo zina la kufanya. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu usugu barani Afrika unashauri, pamoja na mengine, nchi zitumie dawa mseto za aina kadhaa kwa wakati mmoja, ili kimelea kisizoee mwenza mmoja. Mimi naunga mkono, ingawa ni kazi ngumu: bohari za dawa, mafunzo, vipimo vya uzito, vyote viende sambamba. Dunia ilipoteza takriban watu 610,000 kwa malaria mwaka 2024, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Hatuna nafasi ya kupoteza dawa nyingine kama tulivyopoteza klorokwini.

Na zile protini za mgawanyiko? Utaona vichwa vya habari vikisema dawa mpya ya malaria imegunduliwa kila mara kinasi moja inapozimwa maabara. Soma kwa furaha, lakini jua kwamba kutoka bakuli la maabara hadi kidonge cha mtoto ni zaidi ya miaka 10, na nyingi huishia njiani. Imatinibu, dawa ya saratani ya damu inayozima kinasi, iliwahi kujaribiwa Vietnam pamoja na dawa mseto, na vimelea vikaisha haraka zaidi. Bado ni jambo la watafiti, tafadhali asitokee mtu wa kuitafuta dukani.

Iliyo karibu zaidi inatumia njia nyingine. Novemba 2025 kampuni ya Novartis ilitangaza matokeo ya dawa inayochanganya ganaplacide na lumefantrini, isiyo na artemisinini kabisa, iliyojaribiwa kwa watu wazima na watoto katika nchi 12 za Afrika. Iliponya zaidi ya asilimia 97 ya wagonjwa. Inahitaji kusajiliwa kabla ya kufika kwetu. Na kwa wenye watoto wachanga: Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha ALu ya watoto wenye uzito wa kilo 2 hadi chini ya kilo 5, kundi ambalo miaka yote tumekuwa tukilitibu kwa kukadiria. Tanzania ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki kuikagua. Kama una mwana wa uzito huo na ana homa, usimkatie kidonge cha mkubwa nyumbani. Mpeleke kituoni apimwe, na uulize kama dawa hiyo imeshafika.